Keki Ilipochelewa

Keki imekwama Kiboriloni, bodaboda kapata pancha,
na watoto kumi na wanne uani kwangu, Pasua,
wamekwishamaliza juisi,
wamekwishagombania kiti chekundu,
Mbonea kalia mara mbili.
Januari, Moshi, saa nane mchana:
mlima umejifunika mawingu yake, sisi tumeachiwa jua,
limekaa juu ya bati kama limelipa kodi.

Mimi fizikia nilipata F.
Naisema mwenyewe, asije mtu akanisemea.
Lakini bomba leo lilikuwa na maji,
na mwenye ndoo iliyojaa
hawezi kudai hana cha kuwapa wageni.

Nikatoa yai jikoni.
Gilasi ya maji matupu: yai likazama,
likalala chini kama mtoto wa Jumatatu
anayesikia jina lake na haamki.
"Limekufa," akasema Nakijwa.
Ngoja kwanza.
Gilasi ya pili nikatia chumvi, kijiko, kijiko,
Elirehema akihesabu kwa sauti na kuruka nne.
Likazama.
Kumi na wanne wakanitazama
kama wameiona ile karatasi ya matokeo.
Nikaacha kijiko, nikamimina kwa pakiti,
nikakoroga mpaka mkono ukauma,
ndipo yai likajitikisa, likapanda pole pole,
kipara kikachomoza juu ya maji
kama cha mwenyekiti wa mtaa nyuma ya meza yake.
Loo, zile kelele!
Jirani alichungulia ukutani akidhani nyoka.

Nikapata kichwa. Leta sahani, leta pilipili manga.
Chembe zikaelea, weusi umetanda,
nami ncha ya kidole nimeipaka sabuni ya kufulia,
gusa!
zikatimkia ukingoni
kama wachelewaji waliomwona mwalimu wa zamu.
Aikande, ambaye tangu afike hajasema neno
wala kuvua sweta,
akaja na kidole chake, akapaka sabuni, akagusa.
Pilipili zikakaa pale pale.
Akagusa tena.
"Mbona mimi hazinikimbii?"
Nilikuwa na jibu la uongo mdomoni, tamu kabisa.
Nikasema, "Sijui."
Ajabu, neno hilo ndilo lililowasogeza karibu.

Halafu mfuko wa mkate, umejaa maji, umefungwa fundo,
na penseli iliyochongwa vizuri.
Nani atakaa chini yake?
Shedrafu akajitolea, kafumba macho,
midomo ikienda kama anasali.
Penseli ikaingia huku, ikatokea kule,
hata tone.
Ya pili. Ya tatu. Mfuko umekuwa nungunungu,
na kichwa cha Shedrafu kikavu kama unga.
Hapo ningeishia, ningekuwa mwalimu.
Nikazichomoa zote.

Baada ya hapo hakukuwa na sayansi,
kulikuwa na foleni ya watu wanaotaka kulowa.

Keki ilifika saa tisa na nusu, imeinama upande mmoja.
Hakuna aliyegeuka.
Yule bodaboda alisimama na boksi mikononi, kofia kichwani,
akauliza kwa adabu
kama hiyo ya penseli inaweza kurudiwa.

Jioni mama yake Aikande akaja kumchukua.
Mtoto kavaa sweta lililolowa, vidole vimekunjamana,
ananiangalia mpaka getini
kama mtu anayenidai.

Usiku nimeshafagia, nimeshakunja viti.
Bomba limekata.
Nikawasha tochi ya simu juu ya ile sahani,
nikagusa kwa sabuni: kimya.
Nikaosha kidole. Nikamwaga maji yale kwenye mgomba,
nikasuuza sahani, nikatia mengine ya birika,
yale ya kunywa, ya mwisho,
pilipili mpya, sabuni kidogo.
Zikakimbia.

Kumbe hakikuwa kidole chake.
Maji ndiyo yalikuwa yameshapata sabuni yangu,
nilimtangulia, nikammalizia.

Kesho asubuhi, kabla sijachota,
nitabisha kwa kina Aikande
na sahani safi.