Mita Thelathini na Moja

Umeme ukikatika Ngamiani, wengine husonya.
Mimi huchekea gizani.
Mafriji ya Barabara ya Kumi na Nne yamenyamaza,
mashine ya kuchomelea ya Kilua imezima,
na hewa juu ya mabati imetakata
kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.
Nawasha redio. Betri sita, sauti ndogo,
kidole kwenye kitufe kama anayepapasa mshipa wa mgonjwa.

Waya umetoka paa la choo hadi mstafeli wa jirani.
Bi Mwanshamba aliwahi kuanika kanga mbili juu yake,
wiki nzima Ulaya haikuingia.
Nilipomweleza akaniuliza,
"Kwani Ulaya inapita kwenye nguo zangu?"
Sikuwa na jibu. Huenda ndiyo.

Sitafuti habari. Habari ninazo, hata za kugawa.
Natafuta kile kinachonguruma tu, usiku na mchana,
kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe;
kile cha filimbi saba, halafu kimya cha dakika tatu;
na yeye.
Jumanne, saa sita na nusu usiku.
Mwanamke. Anasoma namba,
tano tano, taratibu, kama anayemhesabia mtoto vidonge.

Kirusi, alisema Mhina, aliyesomea umeme Kharkov
akarudi na koti ambalo Tanga haijampa siku ya kulivaa.
Akanifundisha moja mpaka kumi, na sifuri, basi.
Kwa lugha ile naweza kuhesabu
lakini siwezi kuomba maji.

Nane moja moja nne sita.
Sifuri tisa tatu saba mbili.
Naandika: tarehe, mita, hali ya mawimbi.
Madaftari kumi na moja yako mvunguni.
Mjumbe alikuja kuyatazama, kaambiwa pana jasusi.
Akafunua, akafunua,
akauliza kama ni mahesabu ya kikoba.
Nikamwambia ni barua za watu.
"Zinasemaje?"
"Sijui."
"Za nani?"
"Sijui."
Akamalizia chai yake. "Basi wewe si jasusi,
wewe ni posta."

Mwantumu, mke wangu, miaka yote hakuuliza.
Kisha Jumanne moja, mgongo kwangu, shuka kichwani:
"Huyo mwanamke wako leo ana mafua."
Nikabisha. Ile ni kanda, nikasema, wanairudia,
Mhina anasema pale hakuna mtu tangu zamani.
"Kanda haimezi mate. Sikiliza kabla ya saba."

Nikasikiliza kabla ya saba.

Miaka tisa nimeandika kila namba
na sikuwahi kuandika pumzi.

Tangu hapo tukawa wawili kwenye mkeka.
Leo kagombana na mtu, atasema Mwantumu.
Leo kuna baridi huko, kavaa mawili.
Nikachora safu mpya kwenye daftari, sikuipa jina.

Mwezi wa Rajabu hakuja.
Jumanne ya pili, ya tatu.
Mahali pake pana mkwaruzo mkavu,
kama katani inayochanwa usiku kucha bila mtu.
Nilisogeza kitufe huku na huku, unywele kwa unywele.
Mwantumu akasema, labda amestaafu.
Baadaye akasema, labda yule aliyekuwa akiandikiwa
amefika nyumbani.

Asubuhi anahesabu maandazi, namsikia:
adin, dva, tri.
Watoto wanaotumwa na mabakuli wanacheka, wanadaka.

Leo umeme umekatika tena. Nimekaa uani na redio,
sijaiwasha.
Nje ya ua wanacheza kombolela.
Mmoja kalaza paji la uso ukutani, anahesabu,
polepole, wenzake wapate kujificha:
nne, tano, sita, vyote kwa Kirusi cha Mwantumu.
Kabla ya saba
anameza mate.