Mafuta ya Mbarika

Ndunge aliniachia vitu vitatu alipokwenda Doha:
namba ya mita ya stima,
mtoto wa miaka sita mwenye kichaka kichwani,
na chupa ya sharubati isiyo na sharubati.

Ndani yake mafuta ya mbarika, mazito,
rangi ya chai ya mkandaa iliyopoa.
Mama yake aliyapika kule Mwala,
akakaanga mbegu, akatwanga, akachemsha
tangu alfajiri hadi mbuzi wakarudi.
Mtoto asitafune mbegu, alinionya.
Mbegu ina kifo ndani. Moto ndio hukitoa.

Kisha akaanza kuhesabu, vidole vikamwishia:
mba, visigino vilivyopasuka,
nyusi zilizonyonyoka,
goti linalotabiri mvua,
na tumbo likifunga, kijiko kimoja cha chai.
Hicho cha mwisho sijakijaribu.
Mimi hujenga ghorofa ya saba, Kilimani,
na choo kiko chini.

Jumapili jioni, Njiru, maji yamekatika,
Syombua hukaa katikati ya magoti yangu.
Simu nimeiegemeza kwenye sufuria.
Si hivyo, anasema Ndunge kutoka jikoni kwa watu,
anzia nchani, usianzie shinani,
utamng'oa mtoto kichwa.
Naanzia nchani.
Simu inaganda, yeye amefumba jicho moja.

Mikono yangu inajua saruji,
karai moja kwa matatu ya mchanga.
Haikujua kuwa kichwa cha mtoto
kina mahali pasipotaka kuguswa,
nyuma ya sikio la kushoto,
wala kwamba ukiipinda njia ya katikati
shuleni watamwita Barabara ya Kangundo.
Walimwita. Wiki nzima.
Nikanunua kitana chenye mkia.

Mwezi wa nne nikaona jambo.
Saruji ilikuwa imenila viganja miaka kumi na mmoja,
mifereji ambayo hata chumvi ya omena
iliingia ikakaa, ikauma.
Sasa imeziba.
Sikujitibu. Nilikuwa napita tu
nikielekea kichwani kwa mtu mwingine.

Mutiso alinishika mkono kunisalimu
akauachia kama aliyeokota mkoba usio wake.
Siku hizi unafulia kina nani?
Wakacheka hadi msimamizi akachungulia.
Nami nikacheka.
Jioni, kila mtu akikung'uta buti,
alinijia pembeni, sauti chini:
hayo mafuta, mtu anaweza kupata kikombe?

Kila mwisho wa mwezi nachora mstari kwenye chupa
kwa penseli ya ukutani.
Nyuma ya ploti, kando ya mto,
mbarika umejiotea, majani viganja wazi,
hakuna aliyeupanda, hakuna anayeupalilia.
Tuchume, baba?
Hapana. Sisi hatuna ule moto.

Mkataba wa Ndunge umebakiza miezi kumi na sita.
Mafuta yamebakiza vidole viwili.
Nimepiga hesabu ya fundi, haikubali.
Nikampigia mama mkwe.
Hakuuliza habari za mvua, wala za kazi.
Nywele zimefika wapi?
Nikavuta msokoto mmoja, nikapima kwa utepe wa kazi:
sentimita kumi na tisa.
Akanyamaza.
Nikasikia kuku wake, na mlango, na kuni
zikitupwa chini.