Mapengo Mawili

Tuling'oa nanga Gladstone saa tatu usiku,
boti ya dizeli, vitanda kumi, majokofu mawili,
na wanaume saba waliolipia nafasi nane.

"Mwandike na Wendell," alisema Kerrod
akihesabu noti juu ya ubao wangu wa vitunguu.
"Kitanda cha chini, ubavuni mwa injini,
palepale alipokuwa akishindana nayo kukoroma."
Sikuuliza. Mpishi haulizi, husikia.

Usiku kucha tulikwenda mashariki, sahani zikigombana kabatini.
Gaspare, mkulima wa miwa, alitapika
mpaka akamwita mama yake kwa Kiitaliano.
Kulipokucha maji yalikuwa yamebadilika:
wino, kisha chupa ya kijani, kisha chai ya rangi
pale mwamba ulipochomoza mgongo, bahari ikikupwa.
Nchi hakuna. Mti hakuna. Simu haishiki.
Fungu moja la mchanga, na ndege elfu wasiotuhitaji.

Sheria huitangaza mimi, kila safari:
kila mvuvi akate alama yake kwenye mkia wa samaki,
minofu ya huyu isije ikalala katika boksi la yule.
Kerrod, ncha ya juu. Gaspare, ya chini.
Lindsay, juu na chini. Mzee Mervyn, tundu katikati.
Alama ya Wendell ilikuwa mapengo mawili, miaka kumi na moja.
Niliichora ubaoni kwa mazoea, nikaiacha.
Husemwa marehemu ameacha pengo;
huyu aliacha mawili, na yote mkiani.

Siku mbili papa walitutoza ushuru.
Unavuta chewa, mkono unakufa ganzi,
unapandisha kichwa kitupu chenye macho ya mshangao.
Mervyn alikiangalia kichwa chake, akacheka, akakohoa,
akafunga chubwi nyingine.
Wa chini ya kipimo walirudishwa, wakazama bila shukrani.

Siku ya tatu, mchana, Lindsay alipata changu mwekundu,
kilo kumi na mbili, mapana kama mlango wa kabati.
Wote walipiga naye picha. Yeye hakutabasamu.
Ni fundi wa madirisha; hutabasamu kwa rula.
Nilikuwa nimesikia habari za trela:
aliliazima kwa Wendell, likarudi limepinda ekseli,
wakanuniana miaka minne,
na siku ya mazishi alikuwa mahali akipima fremu.

Usiku huo nikashuka kwenye barafu na tochi.
Chewa wa kwanza: mapengo mawili.
Wa pili: mapengo mawili, yamekwenda upande,
kisu kimeshikwa kama panga la miwa.
Mwingine yalitetemeka, mkono wa mzee.
Jina hufichika, mkono haufichiki.
Kila mmoja alishuka peke yake, nadhani,
akidhani ni yeye tu.
Chini kabisa, amefunikwa barafu kuliko wote,
yule mwekundu.
Mapengo mawili, sawasawa, milimita kwa milimita.
Nilizima tochi nikakaa kidogo. Baridi ikanitoa.

Bandarini boksi la Wendell lilibebwa na watu wawili.
Nerida alikuja na gari la mumewe,
ndoana ya kuvutia trela bado ipo nyuma, ina kutu.
Akafungua mfuniko, akatazama minofu muda mrefu.
"Maisha yake yote," alisema, "hakuwahi kuleta hivi.
Alikuwa mvuvi mbovu."
Wanaume saba walichunguza viatu vyao.
"Na mimi samaki sili. Mnajua sili."
Walikuwa wanajua.

Kisha akaliweka kiti cha mbele, si nyuma,
akalipitishia mkanda, ukalia *kach*.
Lindsay ndiye aliyefunga mlango.
Haukushika mara ya kwanza.
Akaufungua tena, polepole, akaufunga.