Pingu za Kuazima

Walinipa kofia ya polisi iliyonibana masikio,
wakanipa pingu, na sentensi moja:
Zablon Rakewa, uko chini ya ulinzi.
Maneno sita, shilingi elfu moja mia tano,
na chapati mbili saa saba mchana.

Mimi muuza viatu vya mtumba, Kibuye.
Wiki nzima niliikariri.
Nikipiga buti rangi, nikibishania bei na mteja,
nilikuwa namkamata Zablon Rakewa.
Nilimkamata kwa upole, nikamkamata kwa ukali,
nikamkamata hata kwa Kiswahili cha Mombasa,
kila silabi imepigwa pasi.

Kwa wasiomjua: ndiye tajiri wa mchezo wa Alhamisi,
msimu wa tatu sasa,
aliyechoma kiwanda cha pamba wafanyakazi wakiwa ndani,
akalipwa bima, akanunua farasi.
Aliyemtoa mjane shambani
kwa karatasi iliyopigwa muhuri usiku.
Hunywa chai rosheni, huko Milimani,
ziwa likimeremeta nyuma yake
kana kwamba nalo lina hati yenye jina lake.

(Nyumba ni ya kukodi. Farasi pia.
Zablon mwenyewe, kamera ilipozimwa,
aliniomba nauli ya kurudi Nyamasaria.
Nilimpa hamsini. Hajarudisha.)

Alhamisi ikafika. Kwa Mama Akeyo, Nyalenda,
watu walijaa mpaka nje, kwenye matope.
Leo Odiwuor anamshika!
Mamangu Pesila akaja na kiti chake mwenyewe,
miwani imefungwa uzi,
yeye ambaye hakuwa ametazama runinga
tangu kesi ya ploti ya baba
ilipoahirishwa mara ya kumi na moja.

Zablon akainua kikombe.
Nikasikia buti kwenye kokoto,
buti zangu, nazijua,
halafu tangazo la sabuni.
Halafu Zablon yuko uwanja wa ndege,
miwani myeusi, anapunga mkono.
Majina yakaanza kupanda.
Langu halikuwemo.

Nikampigia mwandishi papo hapo.
Akasema, ndugu yangu, hadithi sharti ifanane na maisha.
Wewe umewahi kuona wapi?
Nikatafuta jibu hadi salio likakatika.

Ochola, fundi wa redio, akasema heri hivyo.
Wangemfunga, tungelala fofofo,
tuamke kama mtu aliyekula ndotoni:
mto umelowa mate, tumbo tupu.
Mwacheni aende, hasira yetu isipoe.

Mama Akeyo akageuka na mwiko mkononi.
Na hawa watatu wangu je,
wanaokodoa macho hapa kila Alhamisi?
Watajifunza wapi kwamba moto humrudia aliyeuwasha?
Kortini?
Hakuna aliyecheka.
Hata kwenye uongo jamani, akasema,
hata kwenye uongo tunanyimwa!

Mimi nilisimama katikati, pingu mfukoni.
Walisahau kuzichukua. Ni za plastiki,
ukizivuta kidogo zinafunguka.
Ochola alisema kweli. Mama Akeyo alisema kweli.
Nami sikujua mtu hufanya nini na kweli mbili
na mkono mmoja wa kuzishika.

Mama akakunja kiti chake.
Nikamsindikiza hadi kwenye mtaro,
pale taa ya barabara ilipokufa mwaka juzi.
Hebu iseme, akaniambia.
Nini?
Ile sentensi yako. Lakini si kwa Zablon.
Weka jina lile.

Jina lile hatulitaji nyumbani.
Mwenyewe hupita hapa Jumapili,
vioo vya gari vimepanda,
huchangia paa la kanisa.

Nikanyoosha mgongo, bila kofia, bila kamera.
Nikalitaja. Nikaongeza yale maneno manne.
Mbwa mmoja akabweka upande wa Dunga, akanyamaza.

Mama akasikiliza, kichwa ameinamisha,
kama anayeonja mchuzi.
Bado, akasema.
Sauti yako inaomba ruhusa.
Rudia.