Pointi ya Arobaini

Kiwandani Denizli, Nazmiye kasimama
mbele ya meza ya kioo yenye taa chini.
Jora linateremka, mita kwa mita,
naye hapepesi.

Fundo. Uzi uliokatika. Doa la mafuta
lenye umbo la figo.
Kila kosa kibandiko chekundu, kila kibandiko pointi;
zikitimia arobaini jora linarudi
na mfumaji anakatwa mshahara.

Mtambo wa tisa ni wa Ferhunde.
Usiku wa tatu huu hajalala,
mtoto ana surua.

Thelathini na tisa.
Zimebaki mita mbili.

Kidole kikagusa pengo, jembamba kama unywele.

Macho hayana pazia,
ila kope yanazo.
Nazmiye akapepesa, kitambaa
kikapita.