Pa Kujazia Kwanza

Lori la Sefieli liliingia Pasua likilia nyuma:
akikanyaga mafuta, linapiga yowe; akiachia, kimya.
"Difu hiyo," akasema Aikaeli, hata kofia hajavua.

Tukanyanyua, jeki mbili na magogo,
gia tukaiacha huru.
Zungusha la kulia, mtoto.
Nikazungusha.
La kushoto likageuka kinyume, polepole,
kama ndugu waliogawana kihamba.
"Ya kawaida. Topeni moja litacheza, jingine litalala.
Yangekwenda pamoja ningesema ina sahani ndani,
na hiyo hunywa oili yake, si hii."

Nikapeleka spana kwenye nati ya chini.
Akanipiga kiganja.
"Pa kujazia kwanza! Pakigoma kufunguka
na umeshamwaga,
utalisukuma hadi Himo?"

Ikatoka nyepesi kama chai ya rangi,
chembe za krauni ziking'aa ndani
mfano wa magamba ya dagaa.
Sefieli akatazama viatu vyake.
Alipimiwa kwenye dumu, barabarani, bila lebo,
maana oili ni oili.

Aikaeli hakumjibu. Alisugua tone kati ya vidole,
akanusa, akanipa ninuse.
Krauni mpya ikaingia siku ya tatu,
kisha ile nzito, themanini na tano kwa mia arobaini,
kwa ajili ya saruji na vilima vya Marangu,
mpaka ikalamba ukingo wa tundu
na kidole changu kikarudi kimelowa.

Jioni mama alinisogezea sahani, akakunja pua.
Salfa.
Nilikuwa nimeoga mara mbili.