Bilauri ya Mjomba Vendelín

Siku ya kwanza niliichora ikatoka plastiki.
Siku ya pili, barafu.
Siku ya tatu ikatoka nyeusi tii ukingoni
kana kwamba nimeilamba kwa brashi ya lami.
Hapa Nový Bor, mji uliokula kioo ukalalia kioo,
aibu ya namna hiyo humsimulii jirani.

Kiwanda kilishazima tanuri. Kilichobaki ni katalogi,
na katalogi inataka picha
za vyombo ambavyo hayupo tena wa kuvipuliza.
Walinipa michoro, vipimo vya milimita, na wiki mbili.
Umbo lilikuwa sahihi. Kosa halikuwa kwenye umbo.

Nikaandika namba ya kupinda nuru: moja nukta tano mbili.
Nikaongeza unene, maana bilauri isiyo na unene
ni povu la sabuni lenye majivuno.
Nikalainisha kingo, kwa kuwa hakuna makali duniani
yanayofikia makali ya hesabu.
Nikauruhusu mwale ugonge mara nne. Ukafia njiani.
Mara kumi na sita: ukaingia, ukajipinda, ukagonga kitako,
ukarudi, ukatokea upande asioutarajia mtu,
ukaanguka mezani, jani la dhahabu linalotetemeka.
Ila meza yenyewe ilikuwa tupu, imezungukwa na utupu,
na bilauri ikanikodolea kama mgeni asiye na kwao.

Mjomba Vendelín alikuja na soksi zake za sufu na kikohozi chake.
Miaka arobaini alichonga kioo kwenye gurudumu;
vidole vyake viwili havikunjiki.
Akainama hadi pua ikagusa skrini, akanusa,
naapa alinusa,
akauliza: "Iko wapi?"
Hii hapa, nikasema.
"La. Nauliza iko wapi. Chumba gani? Dirisha liko upande upi?
Kioo hakina sura, mpwa wangu. Kioo ni ombaomba,
huvaa ulichomtupia."

Jumapili nikabeba mpira wa chuma unaong'aa hadi jikoni kwake,
nikauweka juu ya meza yenye makovu ya visu,
nikaupiga picha: kwa mwanga hafifu, kwa mwanga wa wastani,
kwa mwanga wa kuumiza macho.
Nilimwambia atoke.
Alisema ametoka.

Usiku huo nikaizungushia bilauri jiko zima,
kompyuta ikaanza kunguruma kama friji mbovu.
Mwanzoni picha yote ilikuwa mchele uliomwagika.
Saa nane za usiku punje zikaanza kuelewana.

Alfajiri nilipoamka, bilauri ilikuwa imekaa.
Ilikuwa na uzito. Ungeinyanyua kwa tahadhari.
Dirisha limesimama kichwa chini tumboni mwake,
birika jekundu limenyooka likawa uzi,
na pale shinani, mkubwa kama mbegu ya ufuta,
mtu wa soksi za sufu, miguu juu,
anakunywa kahawa.

Bibi Hronková wa idara ya mauzo alijibu kabla ya saa tatu:
"Nzuri mno. Kuna doa kwenye shina. Lifute."

Nililifuta. Ni kazi ya dakika tatu.
Kisha nikakaa naitazama, safi, haina lawama,
na sikuweza kusema kilichopungua
ila kwamba sasa ilikuwa inauzwa tu.

Nikamrudisha mzee mahali pake.
Nikaandika: Hilo si doa.
Nikaenda kuchemsha chai, sikuongeza neno,
na mpaka leo sijajibiwa.

Vendelín alipoonyeshwa hakutabasamu.
Alijitafuta kwa miwani moja, akaongeza ya pili juu yake,
akajiona, akanyamaza kitambo.
Halafu akasema suruali ile ina tundu gotini,
na kama mashine yangu inajua mambo yote haya,
imeshindwaje kuishona?